Mtoto wa Kituo Anaimba, Halalamiki

Gari la wageni likionekana kwenye geti la kituo cha kulelea watoto, watoto wanapangwa. Wadogo mbele, wakubwa nyuma, sare zimepigwa pasi tangu alfajiri. Unaanza wimbo wa kumkaribisha mgeni, inafuata ngonjera ya kumshukuru mgeni, kisha anasimama mmoja, aghalabu binti wa miaka 14 au 15 mwenye sauti ya kusikika, anasimulia baba alivyofariki, mama alivyomfuata, ndugu walivyogombania shamba, na kituo kilivyomwokota. Wageni wanafuta machozi. Picha zinapigwa. Magunia ya mchele yanashushwa, katoni za sabuni zinapangwa pale zitakapoonekana vizuri kwenye picha. Binti anarudi mstarini. Shughuli imekwisha na hakuna aliyemsogeza pembeni kumuuliza: hapa mnaishije?

Na hata angeulizwa, angejibu nini, ilhali meneja amesimama hatua mbili kutoka kwake, anatabasamu?

Nitasema wazi, na anayetaka kununa anune. Nchi hii imempa mtoto wa kituo ruhusa ya kusimulia kila dhiki iliyompata kabla hajafika kituoni, na imemziba mdomo kwa kila dhiki inayompata baada ya kufika. Simulizi la kwanza linaleta wafadhili. La pili linawafukuza. Ndiyo maana la kwanza linafanyiwa mazoezi, na la pili linaitwa utovu wa shukrani.

Sisi wa Kilwa Kivinje hatuna udhuru wa kulishangaa jambo hili, kwa sababu lilipita bandarini kwetu. Karne ya 19, mji huu ulipokuwa mlango mkuu wa biashara ya watumwa katika pwani ya kusini, misafara iliteremka kutoka upande wa Ziwa Nyasa na nchi ya Wayao hadi hapa, watu wakapakiwa majahazini kwenda Unguja. Wengi walikuwa watoto. Mmoja jina lake limebaki: Swema, binti wa Kiyao, aliyeuzwa kwa sababu ya deni la nyumbani kwao. Mama yake aliufuata msafara akibeba mzigo ili asitengane na mwanawe, akaishiwa nguvu njiani. Swema akafika Kilwa, akavushwa hadi Unguja akiwa mahututi, na huko, kwa kuwa alionekana hafai tena kwa biashara, akafukiwa mchangani angali hai. Kijana mmoja akamfukua na kumpeleka kwa masista wa misheni ya Kikatoliki.

Kisa hicho Padri Anton Horner alikiandika, kikachapwa Ufaransa mwaka 1870, kikasomwa na waumini ambao sadaka zao ndizo zilizoendesha misheni. Sina shaka kwamba Swema aliteseka, na sina ugomvi na aliyemfukua. Ninachouliza ni kingine. Maneno yake kuhusu msafara tunayo, kuhusu mama yake tunayo, kuhusu kaburi tunayo. Maneno yake kuhusu nyumba iliyomlea yako wapi? Nani alikaa na kalamu akamuuliza kama amelala njaa, kama amepigwa, kama anataka kurudi kwao au hataki? Hakuna aliyekuwa na haja nayo, maana hakuna msomaji wa Ufaransa ambaye angetoa faranga kwa ajili yake.

Horner huyohuyo ndiye aliyeongoza kuanzishwa kwa misheni ya Bagamoyo mwaka 1868, ambako watoto waliokombolewa walilelewa kwa ratiba ya sala, darasa na kazi za shamba. Wako waliotoroka. Hebu fikiria: mtoto ametolewa mikononi mwa wafanyabiashara, amelishwa, amevishwa, halafu anakimbia usiku. Kutoroka kulihesabiwa kosa, hakukuhesabiwa malalamiko. Na huko Frere Town karibu na Mombasa, kijiji kilichoanzishwa na wamisionari wa Kiingereza mwaka 1875 kwa ajili ya walioachwa huru, tuhuma za viboko chini ya msimamizi wake, J. R. Streeter, zilikuwa nzito kiasi kwamba mwanzoni mwa miaka ya 1880 maofisa wa Uingereza waliingilia na kuchunguza. Fimbo ilikuwa mkononi mwa mwokozi.

Mambo hayo yanaitwa historia ili tusijisumbue nayo. Mimi nayaona kila mwaka mfungo wa Ramadhani unapoingia na misururu ya magari ya futari inapoanza kuelekea vituoni.

Sheria tunazo, tena nzuri. Tanzania iliridhia Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Mtoto mwaka 1991. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kifungu cha 11, inasema mtoto mwenye uwezo wa kuwa na maoni asinyimwe haki ya kuyatoa, ya kusikilizwa, na ya kushiriki katika uamuzi unaogusa maisha yake. Kifungu cha 95 kinamtaka mwanajamii yeyote mwenye ushahidi kwamba haki za mtoto zinavunjwa atoe taarifa kwa mamlaka ya serikali za mitaa. Makao ya watoto hayaendeshwi kienyeji: yanatakiwa kuwa na leseni ya Kamishna wa Ustawi wa Jamii, na yana kanuni zake za mwaka 2012. Ukipanda juu zaidi, Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha mwaka 2009 miongozo ya malezi mbadala, na humo, ibara ya 98 na ya 99, yameandikwa mambo mawili ambayo ningependa yabandikwe kwenye mlango wa kila kituo: mtoto awe na mtu anayemwamini wa kumweleza siri zake, na iwepo njia ya kulalamika anayoifahamu, inayofanya kazi, isiyo na upendeleo.

Sasa mshike mkono mtoto huyo umpeleke akalalamike. Kwa nani?

Kwa matroni? Huenda ndiye anayelalamikiwa. Kwa meneja? Ndiye aliyemwajiri matroni, na mara nyingine ni shemeji yake. Kwa bodi? Wamo mke wa meneja, rafiki wa meneja, na kiongozi wa dini ambaye meneja anamchangia. Kwa afisa ustawi wa jamii? Huyu ndiye tegemeo la sheria yote, na simdharau. Najua ana wilaya nzima mabegani, kesi za ndoa, za matunzo, za wazee, za mahakamani, na gari la kuazima lisilo na mafuta. Lakini akija kituoni anakuja kwa miadi, anapokelewa ofisini, anapewa soda, anaonyeshwa rejista, anatembezwa mabwenini, anaimbiwa, anaondoka. Kesi ya nyani amekabidhiwa ngedere, halafu tunajisifu kwamba malalamiko hayapo.

Usinitajie sanduku la maoni. Nimeyaona masanduku hayo, yamepakwa rangi ya kupendeza na kufungwa kufuli imara. Ufunguo uko kwenye droo ya meneja. Katika kituo chenye watoto 30, matroni anayekagua madaftari kila jioni anaujua mwandiko wa kila mmoja. Barua isiyo na jina ina jina tayari. Ndani ya masanduku mengi ya aina hiyo utakuta buibui na karatasi ya peremende.

Watanijibu kuna 116, simu ya mtoto. Ipo, ni ya bure, inaendeshwa na C-Sema, na wanaoipokea wanafanya kazi ya heshima. Swali langu ni simu ya kupigia. Mtoto wa nyumbani anaweza kuazima ya dada, ya jirani, ya kaka anayeuza vocha. Mtoto wa kituo simu anayoweza kuigusa ni ya mlezi, na ataigusa mlezi akiwa amesimama pale. Namba ya bure isiyo na simu ni pambo la ukutani.

Ukimya huu tunauelewa vibaya makusudi. Mwaka 2009 ulifanyika uchunguzi wa kitaifa wa ukatili dhidi ya watoto, wa UNICEF, kituo cha CDC cha Marekani na Chuo Kikuu cha Muhimbili, na matokeo yake yakatolewa mwaka 2011. Vijana wa miaka 13 hadi 24 waliulizwa yaliyowapata kabla ya kutimiza miaka 18. Karibu wasichana 3 kati ya 10 walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kingono, na mvulana 1 kati ya 7. Kati ya hao, nusu tu ya wasichana ndio waliowahi kumwambia mtu yeyote, na theluthi moja ya wavulana. Waliokwenda kutafuta msaada walikuwa msichana 1 kati ya 5 na mvulana 1 kati ya 10. Uchunguzi ule uliingia majumbani, kwa watoto wenye shangazi, bibi, jirani, mwalimu wa madrasa. Mpunguzie mtoto wote hao, umbakishie matroni peke yake, kisha uniambie unategemea asikike vipi.

Kivinje tatizo hili lina sura yake. Wilaya yetu haina msururu wa vituo kama Arusha au Moshi, na hilo nalishukuru. Yatima wengi wa huku wanalelewa na bibi, khalati, baba mdogo, na ndivyo inavyopasa. Ila mtoto akikosa kabisa pa kwenda, akatelekezwa, au nyumbani kwao ndiko alikoumizwa, mara nyingi anapelekwa mbali. Anapandishwa basi Nangurukuru, anakwenda Lindi mjini, Mtwara, au Dar es Salaam. Jalada linabaki Kilwa Masoko. Mtoto anabaki huko aliko. Afisa aliyempeleka hana nauli ya kumfuata kilomita 300, na afisa wa kule anamwona ni mtoto wa Kilwa. Baada ya mwaka mmoja au miwili hakuna hata mmoja anayeweza kusema, bila kupekua makabrasha, mtoto yule yuko darasa la ngapi. Mkataba ule tulioridhia mwaka 1991 unasema mtoto aliyewekwa mahali na mamlaka ana haki ya kupitiwa hali yake mara kwa mara. Kupitiwa na nani? Na upepo?

Halafu kuna adabu yetu ya pwani. Naipenda, nimelelewa nayo, shikamoo yangu haijawahi kuchelewa. Lakini tumeifanya adabu kuwa kufuli. Mtoto akisema chakula kina funza, ana maneno mengi. Akisema mlezi wa kiume anaingia bwenini usiku, kwanza anaulizwa kwa nini anamsingizia mtu mzima. Akikataa kuimbia wageni, ana kiburi. Mji huohuo, ikifika siku ya kumtembeza mgeni, unampeleka kwenye boma la Wajerumani na kumsimulia kwa fahari habari za Hassan bin Omari Makunganya, aliyenyongwa hapa Kivinje mwaka 1895 kwa kukataa kutawaliwa. Kukataa kwa marehemu wa zaidi ya miaka 100 tunakuita ushujaa. Kukataa kwa binti wa miaka 15 tunakuita kukosa malezi.

Wenye vituo wana hoja zao na nimezisikia kwa utulivu kadiri nilivyoweza. Ya kwanza: watoto watasingizia. Wapo watakaosingizia, kama walivyopo watu wazima wanaosingizia polisi, kazini na kwenye mirathi, na bado hatujafunga mahakama. Ya pili, inayosemwa kwa sauti ya chini: wafadhili wakisikia malalamiko watakimbia, na watakaoumia ni watoto haohao. Hapo ndipo damu yangu inapochemka, maana ni kumwambia mtoto kwamba wali wa wenzake umewekwa rehani kwenye ulimi wake.

Nenda Kenya uone ukimya huo unazaa nini. Mmarekani Gregory Dow alifungua nyumba ya watoto huko Boito, kaunti ya Bomet, mwaka 2008, kwa jina la dini na kwa michango ya makanisa ya kwao. Mwaka 2017 mambo yalipofichuka akakimbilia Marekani. Mwaka 2020 alikiri mahakamani, Pennsylvania, kuwadhalilisha kingono wasichana wanne aliokuwa akiwalea, na mwaka 2021 akahukumiwa kifungo cha miaka 15 na miezi 8. Makosa aliyokiri yalianza mwaka 2013. Hesabu mwenyewe ni shukrani ngapi zilizoimbwa katika nyumba ile kati ya 2013 na 2017, na wageni wangapi walioondoka wakisema mashaallah, au haleluya, kwa namna watoto wale walivyo na nidhamu.

Wala usidhani ni nyumba za vichochoroni tu. SOS, shirika kubwa la vijiji vya watoto duniani, lenye vijiji hapa Tanzania Bara na Zanzibar, lilikiri hadharani mwaka 2021 kwamba watoto waliokuwa chini ya uangalizi wake katika nchi kadhaa za Afrika na Asia walidhulumiwa na kwamba shirika halikuwajibika ipasavyo. Likaunda tume huru, mwenyekiti wake Dakta Willy Mutunga, Jaji Mkuu mstaafu wa Kenya. Nalisifu kwa kukiri, wengi wangezika. Lakini kama shirika lenye wanasheria, kanuni na makao makuu Ulaya lilishindwa kuwasikia watoto wake, kituo cha mtu binafsi chenye vyumba vinne na bango la bluu barabarani kinawasikia kwa muujiza gani?

Wenzetu walijifunza kwa aibu. Wales, katika Uingereza, watoto wa nyumba za malezi walikuwa wamesema kwa miaka na wakaitwa waongo, mpaka jaji mstaafu Ronald Waterhouse alipotoa ripoti yake mwaka 2000. Mwaka uliofuata Wales ikawa sehemu ya kwanza ya Uingereza kuwa na kamishna wa watoto. Na kwao leo mtoto anayelelewa na serikali akitaka kulalamika ana haki ya kupewa mtetezi: mtu ambaye kazi yake ni kusimama upande wa mtoto, kumwandikia, kumsindikiza, kumuuliza anataka nini na kulisema hilo bila kulipunguza. Haajiriwi na kituo. Hatafuti suluhu ya kumpendeza meneja.

Sisi hatulazimiki kuanza na jengo jipya na kamishna mwenye shangingi. Mtetezi tunaweza kumpata kesho. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 iliwatambua wasaidizi wa kisheria, na wapo hadi vijijini. Mchukue mmoja, mwanamke au mwanamume anayeaminika, asiye na undugu wala biashara na kituo, umpe barua ya halmashauri yenye ruhusa mbili: kuingia kituoni siku yoyote bila kutoa taarifa, na kukaa na mtoto mahali ambapo mlezi hasikii. Mpe simu moja isiyo ya kituo. Kila lalamiko aliandike kwenye daftari lenye kurasa za namba, na mtoto aambiwe kwa mdomo, ndani ya siku zilizowekwa, limefanyiwa nini. Hilo la mwisho ndilo tunaloliruka kila mara. Mtoto akisema mara moja na asijibiwe, hasemi tena, na anawaambia wadogo zake wasijisumbue.

Na kinachofanywa na mtetezi si nadharia kwetu. Wasichana wa Tanzania waliofukuzwa shule kwa ujauzito hawakusafiri wenyewe kwenda mbele ya Kamati ya Afrika ya Wataalamu wa Haki na Ustawi wa Mtoto. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu na wenzao waliwasilisha shauri lao mwaka 2019, na mwaka 2022 kamati ikaamua kwamba haki zao zilivunjwa. Watu wazima walibeba lalamiko la watoto na likafika. Kama liliweza kufika kwenye kamati ya bara zima, la mtoto wa Kivinje linashindwaje kuvuka uzio wa kituo?

Leseni nayo ifungamanishwe na hilo. Kituo kinapoomba kuendelea, wasiohojiwa leo ndio wahojiwe kwanza: watoto wenyewe, na zaidi yao vijana waliokwisha toka. Hawa wa miaka 18, 20, 22, walioagwa kwa keki na begi, hawana tena cha kupokonywa, na wanajua ni mlango upi ulikuwa haufungi. Kenya wamejiunga wenyewe katika chama chao, KESCA, wanasema waliyoyaona. Huku kwetu kijana akishatoka anaitwa siku ya mahafali tu, kuja kuwa ushahidi wa mafanikio. Aitwe pia siku ya ukaguzi. Alipwe nauli na posho kama wanavyolipwa wajumbe wengine, maana sijui ni kwa nini utaalamu wake uwe wa bure.

Baraza la madiwani linakutana Kilwa Masoko, na diwani wetu ana kiti humo. Namwomba, kwa heshima zote, kwenye kikao kijacho asiulize habari za kituo hiki wala kile. Aombe orodha moja: watoto wa wilaya hii walioko kwenye makao nje ya wilaya ni wangapi, wako wapi, nani aliwatembelea mara ya mwisho, tarehe gani, na nani alizungumza na kila mmoja wao faragha. Akiambiwa inaandaliwa, aulize italetwa lini. Akiambiwa haipo, maneno hayo yaingizwe kwenye muhtasari, na jina la aliyeyasema liandikwe kando yake.